Makofi ya Lah Say

Siri yenyewe ilitolewa nje na shemeji, na siri ikitolewa na shemeji huwa haina tena mlango wa kurudia ndani.

Aliyeileta mtaani ni Mama Nyo, muuza samaki wakavu. Alifika asubuhi kwenye banda la supu la Naw Mu Paw, mke wa bondia Lah Say, wakati mabenchi yote yameshakaliwa na waliochelewa wanakula wima, bakuli mkononi, tambi zikiwaning'inia midomoni. Kapu alikuwa nalo kichwani, na hata hakulitua.

"Mu Paw mwanangu, huyo mdogo wako Kalu amekula kiapo cha kukuaibisha, au ni mimi sielewi?"

"Kafanya nini tena?"

"Jana kwenye mkahawa wa chai. Mbele ya watu! Mbele yangu mimi na masikio yangu haya mawili! Anamwambia yule bondia wake, yule kijana wa kabila la Wamoni, wa ng'ambo ya mto: 'Ukimwona Lah Say anajipiga kofi mkononi, ujue umempata. Kaumia. Ingia ummalize.'"

Watu waliacha kula. Dereva mmoja wa lori akauliza, "Kofi gani?" Mwenzake akamkanyaga mguu.

Kofi lenyewe kila mtu kule analijua. Bondia hukunja mkono wa kushoto, akabana kiwiko karibu na ubavu, akajipiga kwa kiganja cha kulia mpaka ukasikika mlio kama wa bastola. Ni namna ya kusema: haya, njoo kama wewe mwanamume. Mabondia wote wa pale Naung Lon hufanya hivyo, na watoto huiga njiani wakienda shule. Lakini kwa Lah Say kofi lile lilikuwa na maana yake ya pili. Akipigwa pigo la kweli, lile linalofika ndani, mkono wake wa kulia huondoka wenyewe bila kumwomba ruhusa. Hakuwa akilijua jambo hilo mpaka alipooa. Mwaka wa kwanza wa ndoa alijigonga kidole cha mguu kwenye kinu, badala ya kupiga kelele akajipiga kofi mkononi, na Mu Paw akacheka mpaka akakaa chini. Siku ile Kalu alikuwepo. Alikuwa anaishi kwao, anakula kwao, anafanya mazoezi na Lah Say mchanga mmoja, kona moja. Angekosaje kujua?

"Mwache aseme," Mu Paw alisema, akachota supu. Lakini alimchotea yule dereva kijiko kimoja zaidi ya haki yake, na wanaomjua wakaona kwamba akili yake haikuwa kwenye sufuria.

Ugomvi wa Kalu na watu wake una masimulizi mengi sawa na mabenchi ya mkahawa. Wapo wanaosema alinyimwa heshima, wapo wanaosema alitaka mazoezi ya mtindo wa ng'ambo, wa kuvaa glavu, na wapo wanaotaja mwanamke, na hao hutaja mwanamke kwenye kila ugomvi. Lisilo na ubishi ni hili: msimu wa mvua uliopita Kalu aliondoka kwenye kambi yao ya ndondi na nusu ya vijana, akaanzisha kambi yake kwenye kiwanja cha kuanikia mpunga, na tangu siku hiyo akawa anaudai uwanja wa mchanga ulio nyuma ya pagoda, hekalu la mtaa. Uwanja huo ni wa pagoda, na aliyekuwa akiutumia miaka yote ni Mwalimu Thaw Ti, mkuu wa kambi ile. Kamati ya pagoda ikachoka. Kila kikao ni uwanja, uwanja. Mwishowe mwenyekiti, Mzee Ohn Pe, akapiga meza.

"Nyinyi si mabondia? Basi msituchoshe kwa maneno. Siku ya sikukuu, kijana wa Kalu atapanda ulingoni na Lah Say. Lah Say akiangushwa, uwanja ni wa Kalu. Akiwa amesimama mpaka mwisho wa raundi ya tano, uwanja unabaki kwa Thaw Ti, na wewe Kalu usiniulize tena habari hiyo mpaka nife."

Kwenye ndondi zao hakuna kuhesabu pointi. Mmoja ashindwe kuendelea, au wote wawili wabaki wima na iwe sare. Kwa hiyo sare ilimtosha Lah Say. Hakutakiwa kushinda. Alitakiwa kusimama tu.

Na alikuwa na sababu ya kusimama. Thaw Ti alikuwa ameshasema kwamba magoti yake yamechoka, na kwamba baada ya sikukuu mwalimu wa uwanja ule atakuwa Lah Say. Miaka thelathini na minne, pua imehama mara mbili, hana elimu ya darasani, hana shamba. Alfajiri anagema utomvu wa mpira kwenye mashamba ya watu. Kazi pekee aliyoijua vizuri ilikuwa ndani ya mchanga ule. Uwanja ukiondoka, angebaki mgema mwenye masikio yaliyopondeka.

Jioni ile alimwendea mwalimu wake, akamkuta ameketi kwenye tairi, anatafuna tambuu.

"Mwalimu, umesikia?"

"Nani hajasikia? Mpaka mbwa wa pagoda wananiangalia kwa huruma."

"Basi sitapiga kofi hata moja."

"Utaweza?"

Lah Say akautazama mkono wake wa kulia. Thaw Ti akatema mate mekundu pembeni.

"Huwezi. Mkono wako una akili yake, mimi nimejaribu kuukomesha miaka kumi nikashindwa. Sasa sikiliza. Kama huwezi kuuzuia ukweli, uchanganye na uwongo. Piga kofi kabla hujaumia. Piga ukiwa mzima. Piga akikukosa. Mpaka mtoto wa watu asijue lipi la nini."

"Ataingia."

"Si ndiyo namtaka aingie? Anayekwenda kummaliza mtu huwa wazi kuliko mtu yeyote ulingoni. Anasahau kidevu, anasahau mbavu, anaona nyama tu. Wewe mkaribishe kwa kichwa."

Kichwa kinaruhusiwa. Kichwa, kiwiko, goti, na ngumi iliyofungwa bendeji tu bila glavu.

Siku ya sikukuu mchana ulikuwa mkali, na Naung Lon nzima ilikuwa imejaa kuzunguka ulingo. Waliokosa viti walipanda ukuta, waliokosa ukuta walipanda malori. Wanawake wamejipaka poda ya thanaka mashavuni, wanaume wamejifunga vikoi vyao vizuri, kila shavu limevimba tambuu. Mpiga zumari alikuwa ameshalewa kidogo, na hivyo ndivyo anavyopiga vizuri. Mtangazaji akashika kipaza sauti:

"Kona nyekundu, Saw Lah Say! Mbavu zake ni za chuma, pua yake ni ya udongo! Kona ya buluu, Sein Taw, kijana wa kutoka ng'ambo ya mto, mama wakwe zake wawili wa baadaye wapo hapa wanamtazama, na hawajuani!"

Watu wakacheka. Mabondia wakacheza ngoma ya kuwaheshimu walimu, kila mmoja kwa zamu. Sein Taw alicheza vizuri zaidi. Alikuwa mrefu, ana miaka ishirini na ushei, na ngozi yake ilikuwa bado nzima. Kalu alikuwa nyuma yake kwenye kona, ameshika ndoo.

"Shemeji!" Kalu akaita kutoka kule, watu wote wakisikia. "Umenenepa!"

"Chakula cha dada yako!"

"Basi leo utakitapika!"

"Nikikitapika utakipangusa wewe, si umeshika ndoo?"

Kengele ikalia.

Raundi ya kwanza mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Sein Taw alirusha teke la paja, halikuwa kitu. Lah Say akakunja mkono, akajipiga kofi: pwaa! Macho ya kijana yakawaka. Akaingia mbiombio, mikono yote miwili mbele, kidevu juu, kama mtu anayekimbilia nyumba inayoungua. Lah Say akashusha kichwa na kumwacha aje mwenyewe. Paji la uso likakutana na nyusi, na damu ikamwagikia jicho la kijana.

"Anakudanganya!" Kalu akapiga kelele. "Lile la uwongo! Rudi!"

Watazamaji walipasuka kwa kicheko, maana karibu wote walishasikia habari za mkahawani. Hata wazee wa kamati walijifanya wanakohoa. Kabla ya raundi kwisha Lah Say akapiga kofi jingine, safi, huku akitabasamu. Safari hii Sein Taw aliingia nusu, akala kiwiko begani, akatoka.

"Vizuri," Thaw Ti alimwambia kwenye kona, akimmwagia maji. "Sasa usijione fundi."

Raundi ya pili goti likaingia.

Halikuwa kosa la mtu. Walikuwa wameshikana, Lah Say akavuta pumzi wakati usiofaa, na goti la kushoto la Sein Taw likapanda likapita chini ya kiwiko chake cha kulia. Alisikia kitu kikivunjika ndani kwa sauti ndogo, kama kijiti cha kuni mbichi. Halafu hewa yote ikaondoka. Wanaopigwa usoni huona nyota. Anayepigwa ubavuni haoni chochote kigeni, anaona kila kitu vilevile, watu, kamba, refa, ila miguu inaanza kumwuliza kama ni lazima.

Na mkono ukaondoka wenyewe. Pwaa!

Mu Paw alikuwa ameketi mstari wa tatu kati ya Mama Nyo na mke wa mtangazaji. Alilisikia kofi lile akalitambua, kama mama anavyotambua kilio cha mwanawe katikati ya watoto hamsini. Lile halikuwa na pumzi. Akamshika Mama Nyo mkono.

Ulingoni, Sein Taw alikuwa ameshaanza kuingia. Kisha akasimama, mguu mmoja mbele.

"Usiingie!" Kalu alikuwa anapiga kelele, ndoo imemwagika. "Usiingie! Ndivyo alivyokufanyia mwanzo! Kaa mbali!"

Basi mtu aliyekuwa amevunjwa ubavu akaachwa peke yake katikati ya ulingo, hewa inamrudia kidogo kidogo kama maji ya bomba la mtaa. Laiti Sein Taw angenyoosha hata kidole, hadithi ingeishia hapo.

Lah Say alijua la kufanya, maana kuumia si jambo geni kwake. Ukiumia usirudi nyuma moja kwa moja, kwa sababu kamba ziko nyuma. Zunguka, tena zunguka kuelekea upande wa jicho lake lenye damu. Pumua kwa pua, kidogo, usipanue mdomo. Mdomo uliopanuliwa ni mlango wazi. Usimwangalie machoni, mwangalie kifuani. Akija karibu mwegemee, mpe uzito wako aubebe yeye. Na zaidi ya yote, usicheke. Wajinga wakiumia hucheka ili waonekane wazima, na kila bondia wa nchi ile anajua kwamba anayecheka ameumia. Akazunguka, akaegemea, na kengele ikalia.

Kwenye kona Thaw Ti alipitisha vidole ubavuni. Alipofika pahali penyewe, Lah Say aliuma kitambaa.

"Umevunjika," mzee akasema polepole. "Tuombe dakika mbili?"

Hiyo ni ruhusa ambayo ndondi za kwingine hazina. Bondia aliyeumia, hata aliyezimia kabisa, kona yake inaweza kuomba dakika mbili za kumzindua na kumganga, kisha akarudi kupigana. Huombwa mara moja tu katika pambano, na raundi ya mwisho haiombwi.

"Hapana, Mwalimu."

"Hicho ni kiburi."

"Si kiburi. Nikiomba dakika mbili, Kalu atajua kofi lile lilikuwa la kweli. Kwa sasa hajui."

Thaw Ti akamtazama. Miaka yote ya kumfundisha, labda hii ilikuwa mara ya kwanza kusikia kutoka kwake neno ambalo hakumfundisha yeye.

"Haya," akasema. "Basi wachanganye zaidi."

Raundi ya tatu Lah Say alijipiga makofi kama mwendawazimu. Teke likimkosa, kofi. Likimpata, kofi. Refa akimgusa bega, kofi. Na kila kofi lilimgharimu, kwa sababu mkono unaopiga ndio ulio upande wa ubavu uliovunjika. Kona ya buluu ilikuwa inaungua. Kalu anasema ingia, msaidizi wake anasema usiingie, halafu wanabadilishana. Kutoka ukutani watu nao wakatoa mashauri yao. "Muulize mwenyewe kama ameumia!" mmoja alipiga kelele. "Lah Say ni mkweli, atakwambia!" Njia mbili zilimshinda fisi, na Sein Taw alikuwa binadamu tu. Alipiga akatoka, akapiga akatoka, hakumaliza alichokianza.

Raundi ya nne, kijana akafanya kosa. Alisikia jina lake likiitwa kutoka kwenye kona na akageuza kichwa. Hakukigeuza sana, ni kama unavyogeuka mama mkwe anapokuita jikoni. Lah Say hakuwa na mkono wa kulia wa kutegemea, lakini wa kushoto ulikuwepo, na kiwiko chake kilifika kwenye taya kabla kichwa hakijarudi. Sein Taw akaenda chini kwa uso. Hakuweka hata mikono.

Uwanja mzima uliruka. Zumari ikapanda mpaka ikakatika. Refa alianza kuhesabu, na Kalu akainua mkono juu: dakika mbili!

Wakamburuta kijana kwenye kona, wakaanza kazi. Maji kichwani, barafu ndani ya bukta, masikio yakasuguliwa mpaka yakawa mekundu, na Kalu mwenyewe akainama akamng'ata sikio moja. "Sein! Sein Taw! Mama yako anakuita!" Mguu mmoja ukatikisika. Macho yakafunguka yakiangalia pahali pasipo na mtu.

Upande wa pili, refa alikuwa amemsimamisha Lah Say kwenye kona isiyo ya mtu. Haruhusiwi kukaa, haruhusiwi maji, haruhusiwi kusemeshwa. Watu walidhani zile ni dakika za Sein Taw, lakini aliyezifanyia kazi ngumu ni yeye. Mwili wa bondia ukiwa moto hubeba mengi. Ukisimama, hupoa, na ukipoa hukumbuka. Ubavu ulianza kukaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Alitamani kuinama, hata kidogo tu. Hakuinama, maana Kalu, katika kumng'ata mtu sikio, jicho lake moja lilikuwa huku.

"Mmalize!" watu waliimba refa alipowaita. "Mmalize! Mmalize!"

Kumaliza nako kuna adabu yake. Thaw Ti hufundisha hivi: aliyezinduliwa, miguu hurudi kabla ya macho. Atasimama vizuri, utadhani amepona, ila haoni pigo linalotoka pembeni. Usimkimbilie. Mpe kitu mbele akitazame, mpige kutoka pembeni. Usipompiga mapema, macho yatarudi, na mtu aliyeamshwa akiwa na hasira ni hatari kuliko alivyokuwa. Kumhurumia wakati huo si huruma, ni kumwazima panga.

Lah Say alijua yote hayo. Akampa mkono wa kushoto autazame, akarusha wa kulia kutoka pembeni kama alivyofundishwa. Ulifika nusu ya safari. Ubavu uliushika ukaurudisha, na ngumi ikapita hewani kama mtu anayefukuza nzi. Sein Taw wala hakujua kwamba imerushwa. Kengele.

"Raundi ya mwisho," Thaw Ti akasema. "Sasa hakuna dakika mbili, si kwako si kwake. Unaweza kurusha?"

"Kushoto tu."

"Pumzi?"

"Ya kukopa."

"Basi simama. Simama tu, mwanangu. Hatutaki kingine."

Raundi ya tano ilianza kwa kelele ambazo waliokuwepo hawajazisikia tena. Sein Taw alikuja akirusha kwa mazoea, mikono inakumbuka kazi ingawa mwenyewe hayupo. Ngumi moja ikapata ubavu uleule. Lah Say alisubiri mkono wake uondoke ujipige kofi, lakini haukuondoka. Haukuwa na nguvu hata ya hiyo. Kalu alipoona hakuna kofi, alikata tamaa waziwazi, akashika kichwa. "Hajaumia!" akamlilia msaidizi wake. "Jitu halijaumia hata kidogo!"

Wakashikana. Lah Say akaingiza mikono chini ya makwapa ya kijana, kijana akafunga yake nyuma ya shingo ya Lah Say, kichwa chake kikamwangukia kwenye mfupa wa bega. Kilikuwa kizito kama gunia la mpunga uliolowa.

"Kaka," sauti ikasema sikioni mwake, ndogo, ya mtu aliyeamka usingizini. "Raundi ya ngapi?"

"Ya mwisho."

"Nimeshinda?"

"Bado. Nishike."

"Nakushika, kaka."

"Vizuri. Usiniachie."

Refa akaja kuwatenganisha. Lah Say akampandisha kijana goti dogo, la kumwonyesha refa kwamba kazi inaendelea. Sein Taw akamrudishia goti kama hilo, ama kwa ujanja ama kwa adabu. Refa akarudi nyuma. Kila refa akikaribia, magoti mawili madogo, kisha kimya. Na watu: mmalize, mmalize, umemshika, mwachie umpige!

Hapo ndipo Lah Say alipotambua jambo. Magoti ya kijana yalikuwa yamekwisha. Kilichomzuia asianguke ni mikono ya Lah Say tu. Akifungua mikono, akarudi hatua moja nyuma, Sein Taw atakwenda chini bila kupigwa, na hakuna wa kuomba kitu. Ushindi. Si sare ya kubaki na uwanja, ni ushindi wa kusimuliwa, wa kuimbwa na mtangazaji kila sikukuu. Alijua ni halali yake. Akafungua mkono mmoja, akajaribu kurudi nyuma.

Goti lake mwenyewe likakunjika. Akashika tena haraka.

Basi ndivyo walivyomaliza. Kila mmoja alikuwa nguzo ya mwenzake, na hakuna aliyekuwa mzima. Kengele ilipolia hawakuachana mpaka makocha walipopanda kuwabandua, na wakabanduliwa polepole, kama watu wanaoshusha kabati.

Mzee Ohn Pe akanyanyua mikono yao yote miwili. Sare. Kisha akamgeukia Kalu akasema neno moja tu, "Umesikia?" na Kalu akaitika kwa kichwa.

Kufika jioni hadithi ilikuwa imeshajengwa na kupakwa rangi. Mama Nyo aliipeleka mkahawani, mkahawa ukaipeleka kwa madereva, madereva wakaifikisha mpaka mjini Hpa-an kabla ya giza: Lah Say alikuwa amemshika kijana mikononi, angeweza kumwangusha kama ndizi mbivu, akakataa. Akamshikilia asianguke mbele ya mama yake. Huruma gani ile! Kijana wa shemeji yake, tena shemeji aliyemtolea siri! Wanawake walilia. Mke wa mtangazaji, ambaye alikuwa mstari wa tatu na hakuona vizuri, alisema alimwona Lah Say akimnong'oneza maneno ya faraja.

"Ulimnong'oneza nini?" Mu Paw aliuliza akimfunga ubavu kwa kitambaa kirefu, manjano ya dawa imemjaa mikononi mpaka viwikoni.

"Nilimwambia anishike nisianguke."

Mu Paw akaacha kufunga. Akamtazama, halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha siku ya kinu, na Lah Say akamsihi kwa ishara asimchekeshe. "Waambie watu basi," Mu Paw akasema.

"Nimewaambia. Wanasema mimi mnyenyekevu."

Na kweli aliwaambia. Alimwambia daktari wa zahanati, alimwambia dereva wa lori, alimwambia hata Mzee Ohn Pe alipokuja na mafurushi ya matunda. Kila alivyosema, ndivyo sifa ilivyopanda. Mwisho akaacha.

Sein Taw alikuja uwanjani ubavu ulipoanza kuunga. Taya lake bado lilikuwa na rangi ya bilinganya. Alivua ndala pembeni ya mchanga, akakaa chini, akampa Lah Say tambuu kwa mikono miwili kama anavyopewa mwalimu.

"Nimekuja unifundishe, kaka. Si ngumi, ngumi ninazo. Moyo ule."

"Kijana, haukuwa moyo. Ulikuwa ubavu. Ningeweza kukuangusha ningekuangusha, wala usingekula chakula kigumu mpaka mvua zije."

Sein Taw akacheka kwa uangalifu, akishika taya. "Sawa, kaka. Sema unavyotaka."

"Nasema kweli!"

"Ndiyo, kaka."

Thaw Ti, juu ya tairi lake, alijifanya amelala.

Baada yake wakaja wengine wa kambi ya mpunga, mmoja leo, wawili kesho, wakisema wamepita tu. Lah Say aliwapa kazi ya kupindua mchanga. Asubuhi moja alikuwa anawaonyesha jinsi ya kuzunguka kwa mtu aliyeumia, hatua fupi, mgongo mbali na kamba, alipomwona Kalu amesimama ng'ambo ya uzio wa mianzi, mikono nyuma, anatazama kama mpita njia aliyepotea. Hakuwa na kijana hata mmoja nyuma yake. Vijana wakaacha kazi, wakasubiri kusikia matusi. Baadhi yao walikuwa wamejiandaa vizuri.

"Shemeji," Lah Say akaita. "Unasimama nje kama mdai. Njoo ushike reki."

"Mzee Ohn Pe kasema nisiulize habari ya uwanja mpaka afe."

"Kwani umeuliza? Si nimekuita mimi."

Kalu akautazama uzio, akautazama mchanga. Akavua ndala. Akapita kwenye mwanya, akachukua reki kutoka kwa kijana wa karibu, akavuta mara mbili tatu, akasonya.

"Huu nao ndio mchanga? Nani kaupindua hivi? Kuna mawe humu kama kwenye mchele wa bei rahisi."

"Ndiyo maana nikakuita," Lah Say akasema, na akawarudisha vijana kazini.